Kilo Moja na Robo

Miaka kumi na tisa nafagia chumba cha anatomia, Upanga,
nabadilisha dawa kwenye chupa, nafuta meza za bati,
na majina nimeyaokota sakafuni
kama vifungo vya makoti ya wanafunzi:
ubongo mkubwa, ubongo mdogo, shina.
Sikusomea. Lakini nipe ubongo gizani
nitakwambia paji liko wapi, na kisogo.

Kilo moja na robo, si zaidi.
Mwenye mizani pale Ilala angekupimia
na kukutupia kitunguu cha nyongeza.
Ukiwa mbichi hulegea kama uji uliopoa,
ukikaa kwenye dawa hukaza kama muhogo wa kuchemsha.
Na mikunjo! Khanga doti nzima
imesokomezwa kwenye kibweta cha pete.

Nyuma, chini, ule mdogo:
ndio unaokuvusha mlango na kikombe
usimwage chai.
Shina ni bawabu wa zamu ya usiku,
pumzi, mapigo, kumeza mate;
wewe lala, yeye halali.
Kisha uti, mwembamba kama kidole cha mwisho,
na kutoka humo mishipa ya fahamu.
Aliyeipa jina hilo hakukosea:
mingine hubeba damu,
hii hubeba habari.

Na habari huvuka.
Pale shina linapokutana na shingo, njia hupishana:
kushoto kunaamuru kulia,
kulia kunaamuru kushoto.
Nimewasikia wakilikariri hilo kila Novemba.

Dada yangu anaitwa Sikudhani.
Saa ya daku, kijiko kilimtoka.
Mkono wa kulia ukalala mkekani kama wa mgeni,
mdomo ukapinda,
nikajua. Kabla ya gari, kabla ya picha, nikajua:
kushoto, karibu na sikio,
pale ninapopangusa vumbi kila Jumatatu
kwenye kichwa cha plasta.
Nilijua, na kujua kwangu
hakukumwinua hata kidole.

Sasa yuko kwangu, Mbagala.
Akitaka maji husema chumvi.
Akimtaka Pazi humwita pazia.
Pazi ananiuliza, baba, shangazi kachanganyikiwa?
Hapana. Maji anayaona, kiu anaijua.
Neno ndilo limefungiwa chumba cha pili,
analisikia likigonga.

Lakini watoto wa jirani wakipita, shikamoo bibi,
marahaba! inatoka nzima, haina hata kovu.
Moja hadi kumi anahesabu bila kukwama.
Na juzi mbuzi alipoitafuna khanga yake kambani
lilitoka tusi la Kizaramo, safi,
ambalo sijalisikia tangu bibi yetu azikwe.
Daktari alicheka akasema
vya mazoea vina kabati lao.

Jioni tunabana vibanio vya nguo ukingoni mwa ndoo.
Bana. Achia. Bana.
Jana vitatu, leo kimoja, na hicho kimoja kwa jasho.
Namwambia, masika yakifunga barabara ya Kilwa
watu hawalali njiani,
wanapita uani kwa watu, wanaruka mitaro,
mpaka uchochoro unakuwa njia.
Ananitazama tu.
Sijui kama ananielewa au ananivumilia.

Kibanio kimeanguka.
Muhogo umeiva, nimemwekea sahani.
Chumvi, anasema.
Nainuka, nachota maji mtungini, namletea.
Anatikisa kichwa.
Chumvi, anasema tena, kwa hasira,
na kidole cha shahada, cha kulia, kile kile,
kinatetemeka, kinainuka wima wa punje ya mchele,
kinaelekea sahani.

Nauonja muhogo.
Kweli, nilisahau chumvi.