Komeo, Toleo kwa Toleo

Lilianza na daftari lililolowa.
Maji yalishuka Kitangiri usiku, yakipenya kati ya mawe
kama wapangaji wanaokimbia kodi,
yakaingia ofisi ya ushirika wa dagaa, Kirumba,
yakapanda hadi droo ya pili.
Asubuhi Bi Nyanzobe alilianika juu ya jabali, ukurasa kwa ukurasa,
na nywila zote, za benki, za kodi, za mita ya umeme,
zilikuwa wingu moja la wino wa buluu.
Magesa alicheka. Mimi karani sikucheka:
mwandiko ule ulikuwa wangu.

Usiku huo, chumba cha juu ya duka la nyavu,
tuliandika Komeo. Mistari mia tatu na kumi.
Toleo sifuri nukta moja halikuwa na sura,
kidirisha cheusi na swali moja: Neno kuu?
Ukikosea, linanyamaza.
Halifoki, halitoi dokezo.
Kufuli lenye adabu, alisema Magesa, halina maneno.

Tukaliweka wazi, chanzo chote, atakaye achukue.
Mjomba Lushinge, fundi vitasa wa Makoroboi, akaguna:
"Kufuli gani mnawagawia wezi mchoro wake?"
Kisha akapasua kitasa kibovu mbele yetu,
akatandaza springi juu ya gazeti,
akakaa kitambo, akajijibu mwenyewe:
"Hata hiki, kila fundi analijua tumbo lake.
Asichokijua ni meno ya ufunguo wako."
Tuliyaandika maneno hayo kwenye faili la utangulizi.
Yapo hadi leo.

Sifuri nukta nne ilitutia aibu.
Tulitaka nywila za nasibu, tukaiuliza saa ya kompyuta.
Binti wa Musoma, Bhoke, ambaye hatujawahi kumwona, akatuandikia:
Nikijua dakika nywila ilipozaliwa, naijua sura yake.
Akaambatisha marekebisho, mistari tisa.
Tuliyapokea kimya, kama wanafunzi walioitwa ubaoni.

Lakini tulisahau kwamba mtu husahau.
Bi Nyanzobe alilazwa Bugando wiki tatu, homa imempanda kichwani.
Aliporudi aliwajua wajukuu wote kwa majina,
alijua bei ya dagaa ya kila mwezi. Neno kuu, hapana.
"Si wewe uliyelitengeneza? Fungua."
Utamwambiaje mtu mzima
kwamba kazi uliifanya vizuri,
na ndiyo sababu huwezi?
Alijaribu mara arobaini.
Komeo lilinyamaza mara arobaini, kwa adabu ile ile.
Nililichukia.

Siku ya kikoba akanivuta mkono.
Sanduku la bati, la kijani, makufuli matatu;
wanawake wawili wakifungua pindo za khanga kutoa funguo,
wa tatu yuko njiani kutoka Igombe.
Walimsubiri saa nzima, wakichambua mchele.
"Mmesoma mpaka chuo," alisema, "hili hamkuliona?"

Toleo la pili lilitoka Novemba, gugumaji limeziba kivuko cha Kamanga.
Neno kuu hukatwa vipande vitatu, watu watatu.
Kimoja pekee hakisemi kitu; viwili vikikutana, mlango hufunguka.
Viwili, kwa sababu Magesa alisisitiza:
mtu aweza kuwa safarini, au kaburini.
Hisabati yake aliisahihisha Bhoke.
Wazo lake ni la bati, na kutu pembeni.

Magesa siku hizi haandiki tena; ana kazi Kigali, ana pacha.
Sanduku la kwanza la Bi Nyanzobe bado lipo kwenye mashine yangu,
kilobaiti kumi na mbili. Silifuti.

Na leo asubuhi, kosa jipya:
mtu wa Magu anasema neno lake kuu lina ng',
na kile kialama kidogo cha juu kinaikata sentensi,
Komeo linaanguka.
Miaka tisa. Usukumani hapa hapa.
Nimechemsha chai, nimefungua faili, naanza kutafuta.