Buu wa Namba Kumi na Nne

Kaza jiriwa, Kerubo. Zaidi. Ndoana isicheze.
Hii ni namba kumi na nne; ukiiangusha hapa sakafuni
tutaipata kesho kwa kisigino.

Anza na shanga. Ipitishe penye ncha,
isukume mpaka shingoni, ikae.
Sasa waya wa risasi, mizunguko saba.
Huyu haelei. Huyu ni wa kuzama,
maisha yake yote yako chini ya mawe.

Uzi usiupe nafasi ya kupumua.
Sufu ya kijani isokote kwa mate kidogo
(usinitazame hivyo, sote tunatumia mate)
nyembamba mkiani, nene ukipanda,
kisha waya wa shaba, kinyume,
uache pingili kama za mua mchanga.

Miaka kumi na mmoja nimewafunga hawa
katika chumba hiki cha Kaptembwo,
dirisha likitazama bafu la jirani,
dazeni kwa dazeni, kwa mito nisiyoijua majina,
kwa samaki aitwaye trauti
ambaye hata mchuzi wake sijawahi kuunusa.
Sampuli ilikuja ndani ya bahasha. Tukaiiga.
Ndiyo msahafu wetu.

Mwaka jana tulimzika shangazi kule Kuresoi.
Hotuba ya tano ilipoanza nikateremka mtoni,
viatu mkononi.
Maji ya Mau, Kerubo, yanang'ata hadi kwenye mfupa.
Nikainua jiwe.
Chini yake vijumba, kila kimoja kama punje ya mchele,
changarawe juu ya changarawe,
vimegandishwa kwa mate.
Kwa mate!
Nyumba njema si mlango, nikakibonyeza kimoja kwa ukucha
akatoka mwenyewe: pingili, kichwa cheusi,
miguu sita ikipapasa hewa.

Nilimfahamu kama unavyomfahamu mtu
uliyemshonea sare miaka kumi
bila kumpima hata mara moja.
Kumbe kijani chetu kimezidi ung'avu.
Kumbe kichwani hana dhahabu.

Nikarudi, nikafunga dazeni mbili za kweli.
Sufu niliichovya kwenye majani ya chai,
miguu nikaitoa kwa unyoya wa kanga,
nikakesha, koroboi ikinila macho.
Bwana Wekhomo akazirudisha na kalamu nyekundu:
*Hazifanani na sampuli.*

Basi. Shanga ni hiyo ya dhahabu,
kijani ni hicho hicho kinachopiga kelele.
Mwenye nyumba hapokei ukweli wa mtoni.
Weka manyoya ya sungura hapo kifuani, finyo moja,
yachomoe kwa sindano yawe miguu, au kitu kama miguu.
Funga. Zungusha uzi mara tano, vuta, kata.
Tone la vanishi.

Zile za kweli zimo kwenye kiberiti, juu ya kabati.
Zimebaki ishirini na tatu.
Moja nilimpa Kibiwott, mtoto wa marehemu,
ana fimbo ya mwanzi na utoro wa shule.
Alinipigia Jumapili moja, mto ukinguruma nyuma ya sauti yake,
hakunisalimu, hakuuliza habari za nyumbani.
"Amemeza," akasema. "Amemeza!"
Kisha salio likakatika.

Hiyo ni moja, Kerubo. Imepinda, lakini ni moja.
Shika nyingine.