Vidole Viwili vya Udongo

Ilmārs, leo nimefukua ulichozika.
Nilianza saa mbili asubuhi, umande bado mzito,
kwa lile beleshi lako lenye mpini uliofungwa waya,
na Gunvaldis wa jirani ameegemea uzio
akinitazama kama mtu anayesubiri kuulizwa.

Miaka minane peoni lile lilitoa majani tu.
Majani mazuri, sikatai,
mekundu kidogo yakichipua Aprili
kandokando ya theluji iliyochelewa kuondoka.
Lakini ua? Hata la dawa.
Nikalipa samadi, nikalipa majivu ya jiko,
nikalipa na maneno, usiku, glasi ikiwa mkononi.
Mwaka wa sita nilitishia kuling'oa.
Likatikisa majani, likanipuuza.

"Hilo halikupandwa," Gunvaldis alisema hatimaye,
akiendelea kumenya tufaha lake.
"Hilo limezikwa."

Nikaikumbuka Oktoba ile.
Manyunyu, nawe umepiga magoti bustanini,
na kikohozi ulichokuwa ukikiita vumbi.
Nyumba ya mama yako kule Sabile ilikuwa imeuzwa
pamoja na vijiko,
ukarudi na kitu kimoja ndani ya gunia la viazi.
Ulichimba hadi kwenye kiwiko. Ukatazama. Ukazidisha.
"Baridi ya huku haina adabu," ulisema. "Isilifikie."
Ukalifunika kama mtoto aliyelazwa
kwenye chumba kisicho na moto,
ukaupigapiga udongo kwa viganja.

Februari tukakuzika wewe.

Kumbe peoni haliombi hifadhi.
Linaitaka baridi,
ndani ya baridi ndimo linamohesabia siku zake.
Yale macho mekundu yaliyo kwenye mzizi
yanataka vidole viwili tu vya udongo juu yake,
viwili, Ilmārs, si kiwiko,
yaisikie theluji ikitua,
yajue imekaa muda gani, na imeondoka lini.
Kule chini ulikoyaweka
hakuna aliyeyaambia kwamba kumekucha.

Mizizi ilitoka minene, imepinda,
kama karoti zilizosahauliwa shambani.
Na chini yake, chini kabisa,
glavu yako ya kushoto,
ile tuliyoitafuta msimu mzima
ukinilaumu mimi.
Nilikaa kitako kwenye matope. Gunvaldis
akageuka kwenda kuangalia kabichi zake
ambazo hazikuhitaji kuangaliwa.

Basi. Nikaiosha mizizi kwenye ndoo ya bati,
nikapitisha kisu cha mkate kwenye moto,
nikakata vipande vitatu, kila kimoja macho manne.
Kimoja kimevuka uzio.
Kimoja kipo kwenye magazeti, kinamsubiri binti yetu,
ambaye atakisahau ndani ya gari.
Cha tatu nimekirudisha hapa,
hatua mbili kutoka kwenye shimo lako,
mahali ambapo jua linafika kabla ya kahawa.

Glavu nimeitundika kwenye msumari wa banda,
pamoja na ya kulia.

Gunvaldis anasema mwaka wa kwanza litanuna,
wa pili litafikiria,
wa tatu, tuone. Nina miaka sabini na moja.
Nimeshanunua ile pete ya waya ya kushikilia vichwa,
maana mvua ya Juni huvilaza kifudifudi matopeni,
na sisimizi wakipanda kwenye vitumba
sitawafagia kama alivyokuwa akifanya mama yako;
waache wale utamu wao, hawaibi kitu.
Likichanua, la kwanza nitakuletea kule kwenye misonobari,
nitachana mchanga wako kwa reki kwanza,
ili nyayo zionekane ni zangu.

Jioni nilirudi kupima. Vidole viwili.
Nikapima tena. Viwili.
Upepo ulikuwa umeanza kutoka kaskazini,
nami, nisamehe, nikaongeza konzi moja ya udongo,
nikasimama hapo,
kisha nikainama nikaiondoa.