Ndoo ya Makaa

Tartu, Februari, chumba kilicho juu ya fundi viatu.
Harufu ya gundi yake hupanda ngazi kabla yetu.

Nimeajiriwa kuandika mchezo usio na neno.
Nikaleta kurasa arobaini.
Leelo akazisoma zote, taratibu, akamaliza chai,
kisha akazigeuza, akaanza kuchora upande wa nyuma.

Basi: mtoto, theluji, ndoo ya makaa ya moto.
Bibi yake yuko ng'ambo ya msitu, jiko limezimika.
Ni hilo tu, na kila hatua chache, njia panda.
"Mchezaji atajuaje kwamba bibi anaona baridi?"
Leelo anachora bomba la moshi lisilo na moshi.
Nanyamaza. Neno "baridi" nilikuwa nimelitumia
mara kumi na tisa.

Ukutani tumebandika vikaratasi vya manjano,
uzi mwekundu kutoka hiki hadi kile:
hapa anakutana na mbweha mwenye mguu mbovu,
hapa mwanamke anayebembeza susu tupu.
Atoe kaa moja, au apite?
Ukitoa, mwanga wa ndoo unapungua.
Hakuna namba pembeni mwa kioo, hakuna mioyo ya kuhesabu,
ni uso wa mtoto tu unaoingia giza
kuanzia kidevuni kwenda juu.

Hillar, mwandika programu, anataka pawe na kurudi nyuma.
Kwake yeye maji yaliyomwagika huzoleka, ni kubonyeza tu.
Leelo hataki kusikia.
Waligombana hadi fundi viatu akagonga dari kwa nyundo.

Mimi nagombana na "hapana."
Tikisa kichwa: ziko nchi ambako umekubali.
Inua mkono: labda umesalimu.
"Kesho" haichoreki. "Pole" ndiyo ngumu kuliko zote.
Nimeijaribu kwa mabega, nimeijaribu kwa kofia iliyovuliwa;
mwishowe mtoto anampangusa mbweha theluji puani,
na hiyo, Mungu anisamehe kurasa zangu, inatosha.

Jumamosi Hillar akaja na bintiye,
Õie, miaka sita, pengo mbele.
Tukamtandazia mchezo sakafuni, wa karatasi,
kifungo cha koti kikiwa ndiyo ndoo.
Tulikuwa tumeapa asiambiwe kitu.
Akamsogeza mtoto hadi kwa mbweha.
Kushoto, toa. Kulia, pita.

Akakaa.

Hillar akakohoa.
Õie akakiondoa kifungo mkononi mwa mtoto,
akakiweka chini, katikati yao wawili,
akatulia hivyo, kidole juu yake,
muda wa chai kupoa.
"Amekwama," Hillar akaninong'oneza.
Hakuwa amekwama. Walikuwa wanaota moto.

Eti kimya kingi kina mshindo mkuu.
Kile hakikuwa nao.
Nilisikia tu, chini kule, kisigino cha mtu kikipigiliwa.

Sasa ukutani kuna kikaratasi kimoja kisicho na uzi.
Leelo amechora mbweha na mtoto, migongo yao tu.
Hillar amekwishapiga hesabu: makaa huisha
hata usipompa mtu, dakika nne na nusu,
na bibi bado yuko kule na jiko lake.
Nimeombwa niseme kinachofuata.
Nimechonga penseli mara mbili.
Nimeichonga tena.