Alama ya Patasi

Baba hapimi kwa futi. Anapima kwa mkono,
kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati,
na tangu mkono ule uvunjike kwenye ngazi za Kadutu
ukapona mfupi,
boti zake zote zimepungua kidogo.
Wanunuzi hawajui. Mimi najua,
maana mimi ndiye ninayetambaa ndani, kati ya mataruma,
na mgongo wangu unagusa mbao mapema kuliko zamani.

Libuyu inafika kutoka Bunyakiri kwa lori,
ingali na jasho la msitu.
Anaigonga kwa kifundo cha kidole, anasikiliza,
kama mtu aliyekuja kudai deni
na anajua mwenye nyumba yumo.
Ubao wenye jicho bovu anausukuma kando:
"Huu mpelekeeni fundi wa majeneza,
mteja wake harudi kulalamika."

Mkuku kwanza, juu ya magogo ya mkaratusi.
Kisha fashini. Kisha mbavu, moja moja.
Tezo inakula kidogo, inapumzika, inakula tena,
na watoto wa Nguba wanagombania maganda
ya kuwashia mbabula,
hivi kwamba jioni sombe la mtaa mzima
linanukia boti ambayo haijawahi kulowa.

Kazi yangu ni kalafati.
Pamba, mawese, patasi butu, nyundo.
Nasokota pamba juu ya paja,
naishindilia katika kila mwanya,
maana maji hayana haraka,
yanazunguka nyumba usiku kucha
yakijaribu kila dirisha.

Mwezi wa tano walikuja kumwita.
Boti ilikuwa imezama karibu na Ibinja
na viazi, na simenti, na nusu ya wageni wa harusi.
Polisi walitaka kujua aliyeiunda.
Baba aliinamia mabaki, akapitisha kidole
juu ya misumari aliyoikunja mwenyewe,
akasema, "Ni yangu."
Hawakumuuliza zaidi. Yeye aliendelea kujibu.
"Tazameni, mbao hazikuachia.
Pamba imo. Binti yangu ndiye aliyeitia, imo.
Nilimwambia Mushagalusa magunia themanini.
Themanini, nilimwambia."
Mushagalusa alikuwa amelala palepale, chini ya turubai,
kamba za viatu vyake zimefungwa vizuri.

Siku tisa tezo haikushikwa.
Siku ya kumi alichukua patasi,
akaiendea boti ya Mama Cibalonza, iliyobakiza rangi tu,
akachonga mstari ubavuni, toka omo hadi shetri,
kina chake ukucha.
"Maji yakifika hapa, mtu ashuke."
Mama Cibalonza alicheka.
"Na nikiupaka rangi?"
"Paka."
Akapaka buluu, mara tatu,
akaandika jina kwa nyeupe: WIVU WA NINI.

Jumamosi wanapakia.
Makaa. Chupa tupu za bia. Mbuzi wawili wasiotaka.
Mimi nimesimama majini hadi magotini, nimeshika kamba.
Mstari hauonekani na mtu yeyote,
lakini rangi haizibi kidonda cha patasi.
Nazamisha mkono, napapasa ubavu wa boti
kama ninavyopapasa swichi gizani,
naupata.
Maji yako juu yake kwa vidole vitatu.

"Mtu ashuke," nasema.
Sauti inatoka ndogo. Injini imeshaanza kukohoa.
Baba yuko juu kwenye mawe, amenipa mgongo,
ananoa kitu ambacho tayari kina makali.
"Mtu ashuke!"
Mwanamke mmoja mwenye magodoro ananitazama,
anayatazama maji, ananitazama tena,
"Haya basi!" anasema kwa hasira,
anarusha godoro ufukoni, anarusha la pili,
anakunja kitenge, anashuka.

Boti inapanda kidole kimoja.
Bado viwili.