Jozi

Jeli ilikuwa baridi. Noémie, mpiga picha wa mimba,
aliniomba radhi kwa hilo, kisha akanyamaza.
Miaka kumi na minne nakata glavu hapa Millau:
nakijua kimya cha mtu anayehesabu.
Kulia, vidole vitano, vikakunjuka, vikakunjwa.
Kushoto alirudi mara tatu.
"Ageuke kidogo," akasema, akanibonyeza ubavuni,
"huenda ameulalia."

Hakuwa ameulalia.

Ijumaa tulishuka Montpellier, mvua nyuma yetu.
Daktari Vasseur akachora kwa kalamu mgongoni mwa bahasha:
bega, mfupa wa juu, kiwiko,
kigasha kifupi kama shina la uyoga,
na kuanzia hapo karatasi tupu.
Thibault akauliza nani kafanya nini.
"Hakuna mtu. Pengine mshipa wa damu ulisitasita
wiki ya sita, hata hamjajua kama mna mtoto."
Lakini mimi nilishajihukumu:
gundi ya karakana, mvinyo wa harusi ya Capucine,
vidonge vya kichwa, mawazo.
Akayafuta moja moja.
Gundi ilichelewa kufutika.

Wakatazama moyo: vyumba vinne.
Uti wa mgongo, figo, mdomo, nyayo.
Wakatafuta nyuzi za chupa ya uzazi, zile zinazoweza
kumfunga mtoto kama kuku wa sokoni. Hakukuwa na uzi.
Wakauliza kama nataka sindano, maji yapimwe.
Wakasema pia, kwa sauti ya mtu anayekaribisha chai,
kwamba lipo jopo,
na ombi la kuikatisha likipelekwa litasikilizwa.
Sindano nilikubali. Jopo sikulijibu.
Nilikuwa nimeshika mkoba kwa mikono miwili
nikaona haya kuwa nayo.

Bwana Lacaze, mtengenezaji wa viungo bandia,
hakutuuzia ndoto.
Mkono wa kwanza miezi sita, alisema, mwepesi,
wa kuegemea tu akijifunza kukaa.
"Wengi huuvua wakautupa chini ya kitanda.
Kigutu kina hisia. Plastiki haina.
Msimlazimishe."
Nje ya mlango wake msichana wa miaka tisa hivi
alifungua pakiti ya biskuti kwa meno na kiwiko,
akala zote, hakututazama.

Mama mkwe, Odile, alilia siku mbili jikoni.
Ya tatu akapiga simu, sindano za kufumia zikigongana:
"Hii sweta. Mkono wa kushoto niukomeshe wapi?"
Thibault akapima kwa kidole juu ya ile bahasha,
akamtajia sentimita.
Nilitoka nje kidogo.

Majibu ya maji yalikuja safi.
Wiki ya thelathini na mbili Noémie akatugeuzia kioo:
"Tazameni." Binti yetu alikuwa anajisugua shavu
kwa ncha ya kigasha, polepole,
kama mtu aliyeamka na hana haraka ya kwenda popote.

Jumatatu nimerudi mezani. Oda ya jozi arobaini,
ngozi ya mwanakondoo, rangi ya divai.
Nakata kulia. Nakata kushoto.
Tumbo linagusa ukingo wa meza,
na kutoka upande wa pili wa ngozi yangu
anagonga.
Sijui kwa upi.