Meja na Shangazi

Saa kumi na moja, Kisaasi haijaamka,
nami nakoroga uji wa pumba na dagaa wa Kiyindi
katika sufuria ileile tuliyopikia wageni wa kwanjula.
Mama mkwe akijua, nimekwisha.

Meja ana kilo hamsini na mbili.
Tulimpima kwenye mizani ya muuza vyuma chakavu:
yeye kasimama kama mheshimiwa,
mimi nimeinama, nimemshika mkia.
Shangazi alikataa. Akaketi chini. Basi.

Jumamosi ni siku ya kupe.
Nantongo hushika kopo la mafuta ya taa, akihesabu,
kumi na tisa, ishirini,
"Huyu si kupe, Mama, ni chuchu!"
Majirani huvuka barabara wakimwona Meja.
Hawajui kwamba ngurumo ikipiga tu upande wa ziwa
dubwana hili hujichomeka chini ya kitanda changu,
na kitanda huinuka nami juu yake.

Jana jioni Ssekabira alipiga simu kutoka Doha.
Akauliza karo. Akauliza bati linalovuja.
Halafu, "Na mbwa?"
Nikaongeza sauti ya simu, nikaisogeza.
Meja akainua sikio moja.
Hakuinusa simu, hakubweka.
Alitoka, akaenda kulala langoni,
pua kwenye ule mwanya wa chini
ambapo gurudumu la pikipiki yake lilikuwa likionekana kwanza.

Nikamwambia mume wangu: wanakula vizuri.
Dagaa wamepanda bei.
Mengine sikuyasema,
uji ulikuwa unaungua.